Mwalimu Nyundo Avua Filimbi

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha Biolojia na kuinoa timu ya wasichana ya mpira wa wavu, mwenzetu tunayemwita Mwalimu Nyundo anastaafu rasmi siku ya mwisho ya mwezi huu. Tukiongeza na miaka aliyokaa hapa akiwa mwanafunzi, sehemu kubwa ya maisha yake ameipitisha ndani ya uzio huu huu. Mkuu wa shule ameniomba niandike wasifu wake kwa sababu meza yangu na yake zimetazamana siku nyingi, na pia, nadhani, kwa sababu mwalimu wa Kiswahili hana pa kujificha kazi za namna hii zinapotokea.

Nianze na jina, maana limewasumbua wengi. Mwalimu mgeni akisikia Nyundo hutarajia mtu wa sauti nzito, anayegonga meza kabla ya kusema. Kisha anaingia mama mrefu, mtulivu, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, anaomba chaki kama mtu anayeomba radhi. Mwalimu mmoja wa Hisabati alikaa nasi karibu muhula mzima akiamini Nyundo ni mtu mwingine ambaye bado yuko likizo. Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake, enzi hizo alipokuwa akiupiga mpira mpaka wasichana wa upande wa pili wanaukwepa badala ya kuupokea.

Alifika hapa kidato cha kwanza akiwa amewapita urefu walimu wake wawili, na urefu huo aliuonea haya. Alitembea amejikunja, kwa maneno yake mwenyewe, kama msumari uliopigwa vibaya. Mama yake, mshonaji, aliteremsha pindo la sketi yake kila likizo mpaka kitambaa kikaisha. Siku moja mwalimu wa Kemia, ambaye ndiye aliyekuwa kocha, alimwona akichukua boksi juu ya kabati la maabara bila kupanda kiti. Hakusema neno kuhusu boksi. Alimwambia tu afike uwanjani saa kumi na aje na viatu vya raba.

Viatu vya raba hakuwa navyo, akaazima vya kaka yake. Na huko uwanjani, kwa mara ya kwanza, watu walifurahi kwamba yeye ni mrefu. Wenzake wa wakati huo wanasema ndani ya wiki chache mgongo ulinyooka na sauti ikatoka. Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya nyumbani. Baba yake, fundi wa kuchomelea mageti, alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka sharti lake.

“Cheza, mwanangu, sikukatazi. Lakini siku ripoti ikija mbaya, hivyo viatu nitavichukua mwenyewe.”

Alikubali haraka, kama watoto wanavyokubali mambo ambayo hawaoni yakitokea.

Kidato cha tatu akafanywa nahodha. Hapa ndipo yeye mwenyewe, akisimulia, hutikisa kichwa. Alidhani unahodha ni kupiga kwa nguvu kuliko wote na kukaripia kuliko wote. Seta wa timu, yaani yule anayewainulia wenzake mpira ili waupige, alikuwa msichana mfupi mwenye miguu myepesi, aliyeitwa Kisoda. Wawili hao walielewana kama ulimi na mate. Kisoda anainua, Nyundo anapiga, pointi. Wachezaji wengine wanne wakawa kama wageni waalikwa kwenye karamu ya watu wawili. Mmoja wao akikosea, nahodha alimgeukia akamtazama, na mtazamo huo, wanasema, ulikuwa mzito kuliko matusi. Walishinda mechi nyingi mwaka ule, na hakuna aliyezifurahia.

Darasani nako mambo yaliteremka. Alianza kulala kwenye vipindi vya mchana, kazi za ziada akazinakili dakika za mwisho, na mwalimu akimuuliza alitaja mechi. Ripoti ilipotoka, baba yake hakuandika wala hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, moja kwa moja kutoka karakana, miwani ya kazi bado ikiwa shingoni. Wanafunzi walijipanga madirishani wakisubiri kusikia kelele. Hazikusikika. Mzee aliomba jambo moja tu, atazame mazoezi. Akakaa kwenye benchi, mikono magotini, akatazama mpaka mwisho. Kisha akamwita bintiye pembeni.

“Nimekuona. Mkono unao, sikufichi,” akamwambia. “Ila wenzako wanakuogopa wewe kuliko wanavyowaogopa wale wa ng'ambo ya wavu. Mimi nikitia moto mkali mno kwenye geti, chuma kinatoboka. Moto ni wa kuunga, mama. Si wa kutoboa.”

Halafu akanyoosha mkono kupokea viatu. Nyundo alivivua palepale, akarudi bwenini na soksi.

Alimtegemea kocha amtetee. Mwalimu wa Kemia hakumtetea. Alimvua unahodha, lakini hakumfukuza uwanjani. Alimpa benchi lilelile alilokalia baba yake, akamwagiza aje kila siku, akae, atazame, asiseme kitu. Muhula mzima. Kwa msichana aliyezoea kushangiliwa, ilikuwa adhabu ya kutosha. Siku za mwanzo alitazama mawingu. Baadaye, kwa kukosa la kufanya, alianza kuwatazama wenzake, na akagundua kwamba amecheza nao miaka miwili bila kuwajua. Aliona kwamba mikono ya Kisoda hutetemeka mtu akipaza sauti. Aliona kwamba msichana wa kushoto, mpole ambaye yeye Nyundo hakuwahi kumpasia mpira, huruka vizuri kabisa ila hakuna anayemuinulia. Na aliona kwamba kila mtu akikosea, hata sasa ambapo hakuna nahodha uwanjani, hugeuza shingo kwanza kutazama benchini, kuona yeye amelichukuliaje kosa hilo.

Hilo la mwisho lilimuuma. Jioni ile alimfuata Kisoda katika chumba cha vifaa, akamkuta ameketi juu ya magodoro ya mazoezi na kitabu cha Hisabati, amekwama. Kisoda alikuwa moto wa kuotea mbali kwenye Kemia, lakini Hisabati ilimpiga chenga kila mara. Nyundo yeye Hisabati aliiweza, na Kemia alikuwa ameiacha njiani. Hakuna aliyeomba msamaha rasmi. Nyundo alichukua kalamu akauliza, “Hii umeanzia wapi?” na kuanzia hapo wakawa wanasoma pamoja kila siku baada ya mazoezi, miguu yao ikinuka raba, mpaka mlinzi aje kufunga mlango.

Ripoti iliyofuata ilimridhisha fundi, na viatu vikarudi vikiwa vimeshonwa upya soli. Nyundo alirudi uwanjani akiwa mchezaji wa kawaida, akachota maji kama wengine, akakunja wavu kama wengine. Mwaka uliofuata kocha aliwaambia wachezaji wachague nahodha wao wenyewe. Wakamchagua yeye. Ukimuuliza leo amewahi kuwa nahodha mara ngapi, atakujibu mara moja tu, na atakuwa na maana ya hiyo ya kuchaguliwa.

Mwaka huohuo wakafika fainali, jambo ambalo shule hii haikuwa imelifikia tangu ijengwe. Mkuu wa shule wa wakati ule alikwishasafisha rafu ya juu ya kabati la vikombe. Na hapo ndipo likazuka jambo. Kisoda alikuwa amekosa mtihani wa Hisabati wa kumalizia mwaka kwa sababu mama yake aliugua na hakukuwa na mwingine wa kumuuguza. Ofisi ilikubali kumpa nafasi nyingine, siku moja tu, na siku hiyo ikaangukia siku ya fainali. Asiyefanya mtihani anarudia darasa. Ofisi ya mitihani haikutaka kusogeza, na waandaaji wa mashindano nao hawakutaka.

Kisoda hakusita. “Nitarudia,” aliwaambia wenzake. “Mwaka utakuja mwingine. Fainali haiji.”

Timu ilimkumbatia. Mkuu wa shule alisema anamwachia binti aamue mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayejua ataamua nini. Mwalimu wa Kemia, ambaye ndiye aliyepaswa kuandika orodha ya wachezaji, alimgeukia nahodha. Wewe ndiye unayewaongoza, akamwambia; niletee majina asubuhi.

Nyundo hakulala vizuri. Ni rahisi leo kusema jibu lilikuwa wazi. Halikuwa wazi kwa msichana wa umri ule, aliyengojea kombe kwa miaka minne, na ambaye bila Kisoda hakuwa na wa kumuinulia mpira. Tena Kisoda mwenyewe amekwishasema. Nani angemlaumu? Lakini alikuwa amekaa na Kisoda juu ya yale magodoro mwaka mzima, na alijua ni machozi mangapi yaliingia katika kila ukurasa. Alijua pia kwamba mama wa Kisoda, mgonjwa kama alivyokuwa, alikuwa akihesabu siku za bintiye kumaliza shule.

Asubuhi alimkuta Kisoda ameketi kwenye ngazi za bweni, anafunga kamba za raba.

“Vua hivyo,” akamwambia. “Vaa vya darasani. Jina lako sikuliandika.”

Kisoda alidhani ni utani. Alipoona si utani akasimama. “Nani atakuinulia wewe?”

“Hakuna. Nitainua mimi.”

“Hujui kuinua.”

“Najua. Nilikaa benchi muhula mzima nakutazama.”

Kisoda hakumshukuru. Aliingia bwenini, akavaa viatu vya darasani, akaubamiza mlango kwa nguvu ambayo wakazi wa bweni lile waliikumbuka kwa muda mrefu. Wachezaji wengine waliingia kwenye gari la shule wamenuna kama mvua inayokataa kunyesha.

Mechi yenyewe, kwa walioiona, ilianza kama kichekesho. Mpira wa kwanza Nyundo aliouinua ulikwenda juu, ukafikiri, ukarudi kichwani kwake. Seti ya kwanza walifungwa vibaya. Katika mapumziko wenzake walimngoja awakaripie. Yeye akamwambia yule msichana wa kushoto, mpole, kwamba kuanzia sasa mipira inakuja kwake, aruke tu. Msichana akaruka. Ikawa kama mtu amefungua dirisha katika chumba ambacho wote walidhani kina kuta tupu. Walichukua seti ya pili. Ya tatu, ya kuamua, ilikwenda sako kwa bako mpaka pointi za mwisho, na mpira wa mwisho kabisa Nyundo akamuinulia tena yuleyule wa kushoto. Aliupiga, ukatoka nje kwa upana wa kiganja.

Kisha wote watano, kwa mazoea ya zamani, wakageuza shingo kumtazama nahodha. Nyundo alivuka uwanja, akamwekea yule msichana mkono begani.

“Uliupiga vizuri,” akasema. “Mimi ndiye niliyeuinua chini.”

Kombe lilikwenda kwingine. Rafu ya juu ilibaki tupu, na mkuu wa shule hakuwasalimia wachezaji kwa siku kadhaa. Kisoda naye alinuna kwa juma zima baada ya fainali, akila meza ya mbali. Matokeo ya mtihani yalipobandikwa na jina lake likaonekana miongoni mwa waliofaulu, alikuja akaketi mbele ya Nyundo, akamsogezea chumvi. Leo Kisoda ni mfamasia. Hupita hapa mara mojamoja kumletea rafiki yake dawa ya kuchua magoti, na kila akija hututangazia sisi wote ofisini kwamba huyu mwanamke alimnyima kombe na bado hajamsamehe.

Nimekaa sana kwenye habari hiyo ya zamani kwa sababu kila alichokifanya Mwalimu Nyundo baada ya kurudi hapa na cheti cha ualimu kilitoka humo. Alikuta uwanja umeota magugu na timu imekufa. Aliyang'oa magugu na wanafunzi wake wa Biolojia, akilitaja kila gugu kwa familia yake, kwa hiyo ikahesabika kuwa kipindi. Nguzo za wavu zilizopo hadi leo zilichomelewa na baba yake, akiwa tayari amezeeka na mikono inamtetemeka, na hazijawahi kuyumba. Akaweka utaratibu ambao wachezaji wa kila kizazi wameulalamikia kwa maneno yaleyale: kwanza nusu saa ya vitabu, wote pamoja, kwenye benchi la uwanjani, na mwenye kulielewa somo anamfundisha asiyelielewa. Ndipo mpira utoke kwenye mfuko. Mchezaji ambaye alama zake zinashuka hafukuzwi. Anawekwa benchini, atazame.

Jambo lake jingine ni hili la unahodha wa wiki. Katika timu yake kila msichana, awe hodari au awe anauogopa mpira, huongoza mazoezi kwa wiki yake. Tumeona mengi. Kuna aliyewakimbiza wenzake hadi wakagoma, kuna aliyesahau kuleta mpira. Mwalimu Nyundo hukaa pembeni na filimbi yake shingoni, akijizuia. Mimi nimemwona akiuma kamba ya filimbi ile ili asiseme.

Asije mtu akadhani tunamuaga malaika. Mwandiko wake ubaoni ni fumbo ambalo wanafunzi hulitatua kwa kura. Funguo za maabara amezipoteza mara nyingi hivi kwamba fundi wa kufuli humuuliza hali ya watoto wake. Kwenye mchezo wa dama hakubali kushindwa, na makamu wa mkuu anaweza kuthibitisha. Aliwahi kuwasilisha taarifa ya idara ya Sayansi mbele ya wakaguzi kwa heshima zote, hoja zimepangika, sauti imetulia, huku chini ya gauni lake nadhifu goti moja likiwa na pedi ya mazoezi aliyosahau kuivua. Wakaguzi waliisifu taarifa. Mmoja aliuliza kama mama ameumia.

Chini ya uongozi wake idara ya Sayansi imepata maabara ya pili, na wasichana wanaochagua Biolojia wamekuwa wengi kuliko viti. Kombe lile la rafu ya juu hatimaye lilikuja, na baada ya hapo likaja tena. Wachezaji wake wa zamani wametawanyika, wauguzi, madereva, wanasheria, mama wa nyumbani, na mmoja ni refa ambaye, tunaambiwa, hana upendeleo hata chembe kwa timu yetu.

Lakini mechi anayoipenda kuisimulia si hata moja kati ya hizo za makombe. Ni ya mwaka huu, nusu fainali, ambayo sehemu yake kubwa yeye mwenyewe hakuiona. Nahodha wa sasa wa mechi, tofauti na wale wa wiki, ni msichana wanayemwita Mnong'ono, kwa sababu ukitaka kumsikia ni lazima umsogelee. Alipochaguliwa, wengi wetu ofisini tuliguna. Nahodha ataongozaje kwa sauti ambayo haifiki upande wa pili wa meza? Mwalimu Nyundo alitujibu kwamba tungojee, akaendelea kusahihisha madaftari.

Katika seti ya kwanza mchezaji mmoja aliteguka kidole. Hakukuwa na mtu mzima mwingine wa kumpeleka zahanati. Kwa kanuni timu ingeweza kuomba mechi iahirishwe, na Mwalimu Nyundo alimuuliza Mnong'ono wanataka nini. Mnong'ono aliwaita wenzake. Wakakusanyika vichwa pamoja, maana bila hivyo wasingemsikia, wakanong'onezana. Kisha akarudi akasema, “Mpeleke, Mwalimu. Sisi tutacheza.”

Mwalimu Nyundo aliwaacha. Anakiri kwamba njia nzima moyo wake ulibaki uwanjani, na kwamba yule majeruhi, kidole kikiwa kimevimba, ndiye aliyekuwa akimbembeleza yeye atulie. Waliporudi na kidole kimefungwa, uwanja ulikuwa umetulia na wasichana wanakunja wavu. Walikuwa wameshinda. Waamuzi walimsimulia walichokiona: kila pointi ilipopotea, timu ilikusanyika, vichwa vikagusana, wakasikilizana, wakatawanyika wakiwa wametulia kuliko mwanzo. Hakuna aliyegeuza shingo kumtafuta wa kumwogopa.

Akamwendea nahodha wake akamuuliza ilikuwaje bila yeye. Mnong'ono alifikiri, kwa uaminifu wake wote, kisha akajibu.

“Tulikukumbuka kidogo tu, Mwalimu.”

Sijawahi kumwona mtu akifurahia jibu kiasi hicho. Alituletea jibu hilo ofisini kesho yake kama mtu aliyeleta zawadi, akalirudia tena na tena, kidogo tu, kidogo tu, hadi chai ikapoa mkononi. Na siku hiyohiyo, bila kungoja tumkumbushe, aliingia kwa mkuu wa shule kumwambia kwamba sasa anaweza kustaafu, na kwamba angependa timu akabidhiwe mwalimu mdogo wa Jiografia, ambaye hajui sana mpira lakini anajua kusikiliza.

Mwalimu wetu, tunakushukuru kwa niaba ya ofisi hii, ya maabara mbili, na ya wasichana ambao waliingia hapa wamejikunja. Mumeo ametuambia amekwishakutengea kiti barazani na bodi ya dama, na kwamba yuko tayari kushindwa. Uwe na asubuhi zisizo na kengele. Magoti yako yapone, wajukuu wakuchoshe, usingizi wa mchana ukukute kivulini bila madaftari mapajani. Ukipata nafasi pita ututazame, kiti chako hatutakiondoa mara moja. Sisi hatuna nidhamu ya Mnong'ono. Tutakukumbuka sana.